"Nchi Yoyote" ni Ipi? Jibu kwa makamanda wanaotaka sheria ya kuzuia vikwazo



Juzi kwenye grupu letu la kanda kamanda mmoja aliandika ujumbe uliopata dole gumba nyingi kuliko tangazo lolote la mkutano mwaka huu. Alitaka chama kiweke kwenye ilani ahadi ya kutunga sheria ya kuzuia vikwazo vya mabeberu, "kama walivyofanya Ulaya", ili kampuni yoyote itakayovunja mkataba hapa nchini kwa sababu ya amri ya Washington ipigwe faini ya kufilisika. Kamanda mwingine akamjibu kwamba hataki hata kusikia habari hizo, maana vikwazo ndiyo silaha pekee waliyobaki nayo wanyonge wa nchi hii. Wakarushiana maneno mpaka saa saba usiku, admin akafunga grupu.

Mimi nilikaa kimya. Sio kwamba sina la kusema, ila jambo lenyewe halienei kwenye ujumbe wa WhatsApp. Naona wote wawili wamekosea, na nitawajibu hapa kwa kirefu. Mkinitukana, tukaneni baada ya kusoma.

Nianze na nilichokiona kwa macho yangu. Mwaka 2021 nilikuwa karani kwenye ofisi ya wakala wa forodha, Kurasini. Kazi yangu ilikuwa kukimbiza makaratasi: bandarini, TRA, kwa wenye meli, kurudi ofisini. Tulikuwa na mteja, mama mmoja wa Kariakoo anayeuza pampu za maji na vipuri vyake. Mzigo wake anautoa Dubai, kwa muuzaji yuleyule miaka sita. Safari ile akalipa salio kwa dola kupitia benki yake hapa mjini, kama siku zote. Pesa ikatoka kwenye akaunti yake. Kwa muuzaji haikufika.

Siku za mwanzo benki walimwambia subiri. Wiki ya pili wakasema imeshikiliwa kwa uhakiki. Kumbe dola ikitoka Dar kwenda Dubai haiendi moja kwa moja, inapita kwanza kwenye benki ya New York, na kule kuna mashine inayolinganisha majina na orodha ya Wizara ya Fedha ya Marekani, ile inayosimamiwa na ofisi ya OFAC. Muuzaji wa yule mama ana majina matatu ya kawaida kabisa ya Kiislamu. Ukiyaita pale msikitini Kariakoo watageuka watu ishirini. Kuna mtu kwenye orodha anayo majina hayohayo. Basi, imetosha.

Muuzaji hajalipwa, kwa hiyo hatoi hati halisi za mzigo. Bila hati, kontena halitoki. Kontena lenyewe limeshafika, limekaa bandarini, storeji inahesabiwa kila siku, na wenye meli nao wanahesabu siku za kontena lao. Siku 41. Yule mama aliuza kiwanja chake cha Chanika ili alipe storeji na apate cha kurudisha dukani. Siku ya 41 pesa ikaachiwa, bila maelezo wala pole.

Alipokwenda benki kudai fidia alinichukua nimtafsirie. Wakatoa fomu aliyosaini siku anafungua akaunti ya dola. Kiingereza, herufi za kuchosha macho. Kifungu kilisema, kwa maneno yangu mimi, kwamba benki inaweza kuchelewesha au kukataa malipo yoyote pale ambapo kwa maoni yake yenyewe malipo hayo yanaweza kugusa sheria ya vikwazo ya nchi yoyote, na haitadaiwa hasara itakayotokea. Mama akaniuliza, "Mwanangu, hiyo 'nchi yoyote' ni ipi?" Sikuwa na jibu. Afisa wa benki naye hakuwa nalo, na namheshimu kwa kutojifanya analo.

Tangu siku ile nasoma vifungu hivi kama wenzangu wanavyosoma mikeka ya kubeti.

Kifungu cha vikwazo kiko kila mahali, makamanda. Kiko kwenye mkopo wa benki, kwenye bima ya meli, kwenye mkataba wa kukodi ndege, kwenye mkataba wa kuuza korosho. Ukikiangalia utakuta kinajibu maswali matatu. Orodha inayofuatwa ni ya nani? Nani anaamua kwamba orodha imeguswa? Na ikiguswa, haki ya mtu inakufa au inalala tu? Ile fomu ya benki ilijibu: orodha ya yeyote, tunaamua sisi, hasara ni yako. Kwa hiyo sheria ya nchi ambayo yule mama hajawahi kuikanyaga iliingia dukani kwake Kariakoo bila kupita Bungeni Dodoma, bila kupita Umoja wa Mataifa, bila kupita popote. Aliiingiza mwenyewe kwa kalamu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba kisheria yeye alikubali.

Sasa tuje kwa kamanda wetu wa kwanza na "Ulaya walivyofanya". Ni kweli walifanya. Mwaka 1996 Marekani ilitunga sheria mbili, moja ya Helms-Burton dhidi ya Cuba na nyingine dhidi ya Iran na Libya, zilizowaandama hata wasio Wamarekani. Umoja wa Ulaya ukakasirika, na Novemba mwaka uleule ukatunga Kanuni namba 2271/96. Inasema hivi: mtu au kampuni ya Ulaya hairuhusiwi kuzitii sheria hizo za Marekani zilizotajwa, hukumu za Marekani zinazotokana nazo hazitambuliki Ulaya, na aliyepata hasara anaweza kudai arudishiwe. Mei 2018 Trump alipojitoa kwenye makubaliano ya nyuklia na Iran, Ulaya wakaongeza vikwazo vilivyorudishwa kwenye orodha ya kanuni ile. Nyongeza ikaanza kutumika tarehe 7 Agosti 2018. Kwenye karatasi ni sheria ya kiume kweli.

Mwezi uleule wa Agosti 2018 kampuni ya Total ya Ufaransa ikatoka rasmi kwenye mradi wa gesi wa South Pars kule Iran, mkataba iliousaini Julai 2017. Total walikuwa wameshasema wazi tangu Mei: zaidi ya asilimia 90 ya shughuli zao za kukopa zinahusisha benki za Marekani, na zaidi ya asilimia 30 ya wenye hisa zao ni Wamarekani. Uwaambie nini? Sheria ya Brussels inawakataza kutii, benki za New York zinawakataza kutotii. Wakachagua mwenye pesa.

Na wangeshangaza nani? Mwaka 2014 benki ya BNP Paribas, Wafaransa haohao, ilikiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani na kutozwa karibu dola bilioni 9 kwa miamala ya Sudan, Iran na Cuba. Kanuni ya 1996 ilikuwepo miaka yote hiyo, na haikuwakinga.

Ulaya wakajaribu tena. Januari 2019 Ufaransa, Ujerumani na Uingereza wakaunda chombo cha malipo kiitwacho INSTEX, biashara na Iran iende bila dola. Muamala wake wa kwanza ulikuwa Machi 2020, vifaa vya tiba. Mwaka 2023 wakakifunga. Nchi tatu zenye uchumi mkubwa kiasi hicho zimeshindwa kujenga kichochoro cha kupitisha pesa nje ya dola, halafu sisi tunataka kuwaahidi wapiga kura kwamba tutaweza kwa kuandika faini?

Lakini tusiishie hapo kama wale wanaopenda kusema haiwezekani. Kesi moja ilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg, na hiyo nataka muikumbuke. Benki ya Iran iitwayo Bank Melli ina tawi Hamburg. Simu na intaneti za tawi hilo zilitoka Telekom Deutschland. Novemba 2018 Marekani ikaiweka benki hiyo kwenye orodha, na siku chache baadaye Telekom wakavunja mikataba yote na kutaka kukata laini. Walilipwa vizuri, hawakudai kitu. Kundi la Telekom linapata karibu nusu ya mapato yake Marekani, mwenye akili ashajua. Benki ikaenda mahakamani. Tarehe 21 Desemba 2021 majaji wakasema: kanuni ya Ulaya inabana hata kama Marekani haijakuandikia wewe binafsi barua ya amri. Kuvunja mkataba bila kutoa sababu si kosa lenyewe, lakini dalili zikionyesha kwamba umevunja ili kutii vikwazo, mzigo wa kuthibitisha kinyume chake unakuwa wako. Na mahakama kabla ya kufuta uvunjaji huo ipime kama hasara itakayokupata imepita kiasi, ikiangalia pia kama uliomba ruhusa Brussels au hukuomba.

Pale kwenye mzigo wa kuthibitisha ndipo penye dawa. Yule mama wa pampu angekuwa na kitu kama hicho, benki ndiyo ingetakiwa kueleza. Leo yeye ndiye anayeeleza, na wa kumsikiliza hayupo.

Kuna jambo jingine, la kuchekesha kama si la kuudhi. Hawa Wamarekani wanaotaka dunia nzima isusie wanaowasusia wao wana sheria yao wenyewe ya kukataza kususia kwa amri ya mgeni. Nchi za Kiarabu zilipokuwa zikiisusia Israeli na kuziorodhesha kampuni zinazofanya nayo biashara, zilianza kudai kwenye mikataba na hati za benki kwamba muuzaji athibitishe hana uhusiano na Israeli. Mwaka 1977 Marekani ikapiga marufuku kampuni zake kukubali masharti hayo, na ikaziamuru zitoe taarifa serikalini kila zinapoombwa. Sheria hiyo ipo mpaka leo, imefanywa upya mwaka 2018. Kwa hiyo msitishwe na mtu atakayewaambia kwamba nchi kuwakataza watu wake wasitii orodha ya wageni ni ushamba wa Kiafrika. Washington wameifanya zaidi ya miaka 40. Ujerumani nao kanuni zao za biashara ya nje zinamkataza Mjerumani kutoa tamko la kushiriki kususia nchi nyingine, isipokuwa vikwazo ni vya Umoja wa Mataifa, vya Umoja wa Ulaya au vya Ujerumani yenyewe. Na wakopeshaji wa London hawajakimbia Ujerumani. Wanachofanya ni kuongeza sentensi kwenye mkataba: kifungu cha vikwazo hakitamhusu mkopaji pale kitakapogongana na sheria hizo. Sentensi moja tu. Wanasheria wao wanayo tayari kwenye kompyuta.

Hiyo ndiyo maana nasema kamanda wa kwanza amekosea, ila amekosea karibu na ukweli. Faini haitatusaidia. Ukimpiga faini mfanyabiashara wa hapa kwa kutii New York, na New York wakampiga akikataa, umemweka kati ya kinu na mchi. Kinachoweza kutusaidia ni maneno ya kifungu. Maneno yanaamua kesi, jamani. Mwaka 2018 mahakama ya London iliamua shauri la bima ya chuma kilichosafirishwa kwenda Iran na kuibiwa. Wenye bima walikataa kulipa kwa kifungu kilichosema hawatalipa pale ambapo malipo yangewaingiza kwenye adhabu ya vikwazo. Jaji akasema hofu ya kuadhibiwa haitoshi, lazima sheria iwe inakataza kweli malipo hayo. Wenye bima wakashindwa. Sasa chukua ile fomu ya benki yetu yenye "kwa maoni yake yenyewe" na "yanaweza kugusa", uipeleke kwa jaji huyohuyo. Mama angeshindwa kabla ya saa ya chai.

Kesi nyingine inatuhusu zaidi kwa sababu mzigo wake ulikuwa wa Afrika. Kampuni ya RTI ilikodi meli za kampuni ya Kiholanzi, MUR, kubeba bauxite kutoka Conakry, Guinea, kwenda Ukraine. Mkataba ulisema malipo ni kwa dola. Aprili 2018 Marekani ikaiweka kwenye orodha kampuni mama ya RTI, yaani Rusal ya Urusi. RTI yenyewe haikutajwa. MUR wakasimamisha meli wakisema dola zitakwama. RTI wakasema tutawalipa kwa euro na gharama ya kubadilisha ni juu yetu. MUR wakakataa. Mei 2024 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikawapa ushindi MUR: mkataba ulisema dola, na mtu halazimiki kupokea kisichoandikwa. Nasikitika kusema naona majaji walikuwa sahihi. Lakini tazameni mfupa uliomo. Hata usipoandika kifungu chochote cha vikwazo, ukiandika "dola" umeshakiandika.

Na Conakry walikuwa na sauti gani kwenye kesi ile? Hawakuwemo kabisa.

Turudi nyumbani. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha kwa mbwembwe Sheria ya Mapitio na Majadiliano kuhusu Masharti Hasi katika Mikataba ya Maliasili za Nchi. Inataja aina za masharti yanayohesabiwa kuwa hasi, na mojawapo ni sharti linaloiweka nchi chini ya sheria na mahakama za kigeni. Vizuri sana. Wabunge wa chama tawala walipiga meza mpaka mikono ikawauma. Mimi nauliza: kifungu kinachosema mwekezaji anaweza kusimama au kuondoka kwa sababu ya orodha ya nchi ya tatu, ambayo si yake wala si yetu, hicho si sheria ya kigeni? Kimeingia kwa jina la kawaida, "utii wa vikwazo", kimekaa ukurasa wa nyuma karibu na anuani za barua, na hakuna anayekipigia meza. Tena sheria ile inahusu maliasili. Mikopo haimo.

Mnaodhani ni nadharia, nendeni Namtumbo. Mradi wa urani wa Mto Mkuju uko mikononi mwa Rosatom ya Urusi kupitia kampuni yake tanzu, na Julai 2025 Rais alizindua kiwanda cha majaribio pale. Januari mwaka huohuo Marekani ilikuwa imewawekea vikwazo wakuu wa Rosatom, kampuni yenyewe ikaachwa. Imeachwa kwa hesabu zao, sio kwa mapenzi, na wanaweza kuiongeza asubuhi yoyote. Siku hiyo ikifika, fundi wa Namtumbo analipwaje mshahara? Muuza mahindi aliyekopesha kambi anadai wapi? Mwenye lori la Songea aliyekopa benki kununua lori kwa ajili ya mradi, benki yake itamwambia nini kuhusu pesa inayotoka kwa kampuni hiyo? Hayo yamo kwenye vifungu au hayamo. Mbunge wako amekuonyesha?

Au bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga. TPDC yetu ina asilimia 15, sawa na Uganda. Mwenye hisa nyingi ni TotalEnergies, hao hao waliotoka South Pars, safari hii wakiwa na asilimia 62. CNOOC ya China ina asilimia 8, na CNOOC hiyo Januari 2021 Marekani iliiingiza kwenye orodha ya kampuni ambazo kuziuzia bidhaa za Marekani kunahitaji kibali. Sisemi bomba litakwama. Nasema kama mwanahisa mmoja akiorodheshwa kabisa kesho, na mwanahisa mkubwa ana historia ya kuchagua benki za New York, basi kijana wa Chongoleani aliyetoa shamba ana haki ya kusomewa kifungu kwa Kiswahili kabla ya kesho hiyo.

Serikali hii hatuwezi kuiachia ijisimamie. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba meli za mafuta za Iran zinapeperusha bendera yetu, zikiwa zimesajiliwa kupitia wakala wa Zanzibar aliyekuwa Dubai, wakati Iran iko chini ya vikwazo vya Marekani na Ulaya. Wananchi tulikuja kujua kwa sababu mbunge wa Marekani, Howard Berman, alimwandikia barua Rais Kikwete. Ikaonekana meli ni 36, zikafutwa. Mimi sina ugomvi na kuzifuta, wala sina hakika kwamba kuzisajili lilikuwa kosa. Ningeweza kusikia hoja za pande zote mbili. Ugomvi wangu ni kwamba bendera ya Tanzania ilikodishwa bila sisi kuulizwa, na ikarudishwa bila sisi kuulizwa.

Zamani hatukuwa hivyo. Desemba 1965 Nyerere alivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Kususia kule kulituumiza, lakini tulikuchagua, kulijadiliwa, mkulima wa Iringa alijua kwa nini. Na wakati sisi tunabeba mzigo ule, Bunge la Marekani mwaka 1971 likaruhusu kununua kromu ya Rhodesia ingawa vikwazo vilikuwa vya Umoja wa Mataifa. Walikuja kuifuta ruhusa hiyo mwaka 1977. Mwaka uleule, angalieni, waliotunga sheria ya kukataza kususia Israeli. Kwa hiyo mtu asitupe mahubiri.

Kwako sasa kamanda wa pili. Umeandika kwamba vikwazo ndiyo silaha ya wanyonge. Najua unachokumbuka. Januari 2020 Marekani ilimpiga marufuku kuingia kwao Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule, kwa tuhuma za kukiuka haki za binadamu, na wengi wetu tulishangilia. Mimi nilishangilia. Nimeona wenzetu wakichukuliwa usiku, sitajifanya mtakatifu. Lakini ile ilikuwa viza ya mtu mmoja. Haikugusa akaunti ya mama yeyote Kariakoo. Unapoomba, kama unavyoomba kwenye grupu, "vikwazo vya uchumi mpaka walegee", unaomba ile mashine ya New York ielekezwe kwenye neno Tanzania lenyewe. Umewahi kukaa nje ya ofisi ya benki na mtu anayehesabu storeji? Watawala watakuwa na dirham zao Dubai. Tutakaobaki kwenye foleni ni sisi.

Halafu fikiria siku tukiingia madarakani. Mikataba tutakayoirithi ndiyo hii hii. Orodha tunayoiombea leo itakuwa imeandikwa ndani yake, na anayeshika kalamu ya orodha hatatuuliza tulikuwa upande gani.

Nasikia tayari anayesema, basi unataka nini? Nataka mambo ya kawaida tu. Ile sheria ya masharti hasi iongezwe kifungu cha vikwazo vya nchi ya tatu, na ifike kwenye mikopo ya serikali na mikataba ya bandari. Mkataba wa hapa nchini utambue vikwazo vya Umoja wa Mataifa na vya Tanzania bila mjadala. Vya mwingine yeyote visimsamehe mtu mpaka aonyeshe kwamba vinamkataza yeye kweli, kwa andiko. "Kwa maoni yangu" ifutwe. Haki ya mtu ilale, isife. Kizuizi kikiondoka, pesa yake imkute. Benki ikishikilia malipo imwambie mteja kwa maandishi, kwa Kiswahili, ndani ya siku tano, imeshikwa wapi na anatakiwa kuleta nini. Na storeji ya bandarini isimame kwa siku zote ambazo benki imethibitisha kwamba malipo yameshikwa kwa uhakiki. Bandari ni ya serikali yetu, hilo halihitaji ruhusa ya mtu Washington. Wenye meli hatuwezi kuwaamuru, nalijua hilo, lakini storeji peke yake ingeokoa sehemu ya kiwanja cha Chanika.

Pesa ya New York ingekwama vilevile. Sitaki kumdanganya mtu kwenye ukurasa huu: hakuna sheria ya Dodoma itakayofungua mashine ya Manhattan. Tunachogombania ni nani abebe siku 41, na kama ataambiwa kwa nini.

Nimeandika rasimu ya kurasa mbili, nitaipeleka kwenye kikao cha vijana wa kanda Jumamosi hii, saa nne asubuhi, palepale tulipokutana mara ya mwisho. Kamanda wa kwanza na wa pili nawaomba mje wote. Na kila atakayekuja alete fomu yake ya benki au mkataba wake wa mkopo, hata wa bodaboda. Tutakaa chini tutafute kile kifungu, mmoja mmoja, na tuandike "nchi yoyote" imetokea mara ngapi.

Yule mama wa pampu amesema atakuja na yake.